Maswali ya Wasomaji: Mwezi unaanguka kila siku, ila haufiki

Assalaam alaykum wasomaji wetu wa Unguja na Pemba na nyote mnaotusoma mkiwa mbali. Toleo lililopita tuliandika habari ya mwezi kuandama, na tangu hapo simu yangu haipumziki, meseji za maswali ya huko juu zimekuwa nyingi kuliko za kitu chengine chochote. Basi leo ukumbi wote nimewapa nyinyi, wale wa maswali ya afya na kilimo mnisubiri, zamu yenu inakuja.

*Maalim, umeme ulikatika tukatandika jamvi nje, mwanangu wa miaka saba akaniuliza, mama ule mwezi umetundikwa na nini mbona hauanguki? Nikamwambia Mungu kaushika. Akanambia sawa mama, lakini kaushikaje? Nikakosa la kusema.*
Mama wa watoto wanne, Makunduchi

Bi mkubwa, jawabu yako ya kwanza sina la kuipunguza, na hilo swali la pili ndo elimu yote ya falaki ilipoanzia. Kamwambie mwanao hivi: mwezi haukutundikwa na kitu, mwezi unaanguka. Unaanguka sasa hivi unaposoma, ulikuwa unaanguka jana, ila haufiki chini. Najua atakuuliza vipi kitu kinaanguka na hakifiki, na hapo ndo nataka nikae kidogo kwa sababu watu wengi, hata waliosoma, hawajawahi kuelezwa hapa pakaeleweka.

Anza na nazi. Mnazi mrefu wa mita 20, nazi ikichomoka inachukua sekunde mbili hivi kufika chini. Sekunde ya kwanza inaanguka mita 4.9, tuseme 5, sekunde ya pili inaanguka zaidi kwa sababu ishashika kasi. Sasa tuseme mkwezi yuko juu kule, badala ya kuiachia nazi akairusha mbele kwa nguvu. Bado itafika chini kwa sekunde mbili zilezile, mvutano wa ardhi haujali kama nazi ilikuwa inakwenda mbele au imesimama, unavuta vilevile, ila sasa nazi itatua mbali na mnazi. Akirusha kwa nguvu zaidi, itatua mbali zaidi. Mpaka hapo mtoto wa miaka saba yuko na wewe, maana karusha mawe tangu alipojua kusimama.

Ngoja sasa. Ardhi si sinia, ni duara, na sie watu wa pwani hatuhitaji kwenda skuli kulijua hilo, tunaliona. Jahazi likitoka linakwenda zake, kinachopotea mwanzo ni mwili wa chombo, tanga linabaki linaonekana peke yake, baadaye na tanga nalo linazama. Maji yamejipinda yakalificha. Na mpindo huo una hesabu yake: ukienda mbele moja kwa moja karibu kilometa 8, ardhi chini yako inakuwa imeshuka kama mita 5. Umeliona? Mita 5 ndo ileile nazi inayoanguka katika sekunde ya kwanza! Basi mkwezi wetu akiweza kuirusha nazi kwa kasi ya kilometa 8 kwa sekunde, sekunde moja ikipita nazi imeanguka mita 5, na ardhi nayo imeshuka mita 5, umbali baina yao ni uleule. Sekunde ya pili hivohivo. Inaanguka, ardhi inajipinda chini yake, inaanguka, ardhi inajipinda, mpaka inazunguka dunia nzima na kumjia mkwezi kwa nyuma. Kuzunguka si kitu chengine, ni kuanguka huku unakwenda mbele kwa kasi ya kutosha.

Kasi hiyo ni kubwa mno, ni kutoka Nungwi mpaka Kizimkazi kwa sekunde 11 hivi. Na kwa kweli nazi haiwezi kufanya hivo karibu na ardhi, hewa ingeipinga na kuiunguza, ndo maana vyombo vinapandishwa kwanza juu ya hewa halafu ndo vinapewa mbio.

Mtu aliyeliona jambo hili wazi ni Isaac Newton, Muingereza, kitabu chake kikubwa kilichapishwa mwaka 1687. Yeye mfano wake ulikuwa mzinga uliowekwa juu ya mlima mrefu kupita hewa. Lakini mie kinachonipendeza zaidi ni hesabu aliyoifanya kwa mwezi. Mwezi uko mbali na katikati ya dunia mara 60 kuliko sie tuliosimama juu ya ardhi. Newton akasema mvutano unapungua kwa umbali mara umbali, kwa hivo kule ni dhaifu mara 60 mara 60, yaani mara 3,600. Sasa gawa zile mita 4.9 kwa 3,600, unapata kama milimita 1.4, unene wa kadi mbili za benki ukizibananisha. Hicho ndo kiasi mwezi unachotakiwa kuanguka kila sekunde moja. Na ukipima njia yake huko juu, katika sekunde moja mwezi unakwenda kilometa moja mbele na unapinda kuja kwetu milimita 1.4. Nazi na mwezi, sheria moja. Nimesomesha jambo hili miaka mingi na kila nikifika hapa nywele zinanisimama.

Na kama atauliza kwa nini hauchoki, mwambie chombo baharini ukishusha tanga kinasimama kwa sababu maji yanakizuia. Kule hakuna maji wala hewa, hakuna wa kuuzuia.

*Mie ni kijana wa makachu hapo Forodhani, tunaochupa baharini kutoka ukutani. Kwenye tivii nnawaona wanaanga wanaelea ndani ya chombo chao, na mtangazaji anasema kule hakuna mvutano. Sasa kama hakuna mvutano hicho chombo kinashikwa na nini kisipotee?*
Kijana wa Malindi

Yakhe umepiga penyewe, na mtangazaji kakosea. Bila mvutano chombo kingekwenda zake moja kwa moja na hakingerudi tena. Kile kituo cha kimataifa cha anga kiko juu kama kilometa 400, hiyo haifiki hata barabara ya Dar mpaka Dodoma, ila imesimamishwa wima. Mvutano wa ardhi pale ni karibu asilimia 90 ya huu wetu. Ungejengwa mnara wa urefu huo, mtu wa kilo 70 akapanda akasimama juu ya mizani, angesoma kama kilo 62. Mvutano upo tele.

Kuelea kunatoka wapi basi? Wewe hili unalijua kwa mwili wako kuliko mie ninayelijua kwa chaki. Uzito unaousikia ukiwa umesimama ni ardhi inayokusukuma nyayo. Ukishachupa, tangu miguu ikiachia ukuta mpaka maji yakupokee, hakuna kinachokusukuma kutoka chini, tumbo linakuwa jepesi, mikono inakwenda inavotaka. Sekunde ile moja wewe ni mwanaanga, wallahi si mfano, ni jambo lilelile hasa. Siku moja ukichupa shika dafu mkononi, hakikisha hakuna mtu chini, halafu liachie ukiwa hewani. Halitokutangulia wala halitobaki nyuma, litakuwa hapo pembeni yako linaelea, kwa sababu nyote wawili mnaanguka sawasawa. Vitu vizito na vyepesi vinaanguka sawa hewa ikiwa haipo, David Scott wa safari ya Apollo 15 mwaka 1971 alisimama juu ya mwezi akaachia nyundo na unyoya kwa pamoja, vikafika chini pamoja.

Basi wale wanaanga, na chombo chao, na kijiko, na tone la maji lililowaponyoka, vyote vinaanguka pamoja. Wanapiga makachu yasiyofika majini. Wanaizunguka dunia kila dakika 92 hivi, mara kama 16 kwa siku.

*Nafunga madishi hapa Mwanakwerekwe, huu mwaka wa kumi na mbili. Nasikia setilaiti zinakimbia kilometa nane kwa sekunde, mbona mie nikishalilenga dishi nikakaza nati siligeuzi tena mpaka litikiswe na upepo? Na kwa nini madishi ya kwetu yanatazama juu mpaka mengine yanakinga maji ya mvua, na yale ninayoyaona kwenye picha za Ulaya yanatazama ukutani?*
Fundi

Fundi, kilometa 8 kwa sekunde ni za vyombo vya chini. Mvutano unapungua ukipanda, na mvutano ukipungua kasi inayotakiwa inapungua pia. Kituo cha anga kule kilometa 400 kinakwenda 7.7 kwa sekunde. Setilaiti za GPS, hizi zinazokuonesha njia kwenye simu, ziko kilometa kama 20,200 juu, zinakwenda 3.9 na kuzunguka mara mbili kwa siku. Za tivii ziko 35,786, zinakwenda kama kilometa 3 tu kwa sekunde, na kwa kasi hiyo na duara kubwa namna ile mzunguko mmoja unachukua siku moja. Na dunia yenyewe inajizungusha mara moja kwa siku. Basi setilaiti inakimbia na paa la mteja wako linakimbia nayo, kama watu wawili wanaotembea sambamba, kila mmoja anamuona mwenziwe hapohapo. Setilaiti ya mwanzo kukaa hivo ni Syncom 3, ilirushwa mwaka 1964, na ndo iliyopeleka picha za michezo ya Olimpiki ya Tokyo mpaka Marekani.

Habari ya madishi kutazama juu ni nzuri zaidi. Kitu chochote kinachoizunguka dunia, njia yake lazima izunguke katikati ya dunia, maana huko ndiko kinakovutwa. Huwezi kuning'iniza setilaiti juu ya Zanzibar peke yake ikakaa, itavutwa kuelekea ikweta, itapita upande wa pili, itarudi, utaiona inapanda na kushuka kila siku na wewe utaishi juu ya paa na spana. Pahala pekee inapoweza kuonekana imetulia ni juu ya ikweta. Na sie tuko nyuzi sita tu kusini ya ikweta, kwa hivo mkanda ule wa setilaiti unapita karibu na utosi wetu, umeelemea kaskazini kidogo. Ndo maana dishi lililolengwa setilaiti iliyo karibu na longitudo yetu linakuwa kama sahani iliyowekwa mezani. Toboa tundu dogo chini maji yatoke, najua unafanya. Mtu wa London yuko mbali na ikweta, mkanda wake anauona chini upande wa kusini.

Nikupe na hesabu moja ufanye na kalkuleta ya simu, maana nimeipenda swali yako. Kutoka katikati ya dunia, mwezi uko mbali mara 9.1 kuliko setilaiti yako ya tivii. Zidisha 9.1 mara 9.1 mara 9.1, unapata 753 na kitu. Tafuta kipeuo cha pili, inakuja 27 na kidogo. Setilaiti yako inachukua siku 1, mwezi unachukua siku 27 na kidogo. Kanuni hiyo aliigundua Johannes Kepler na kuichapisha mwaka 1619, kwa sayari, kabla Newton hajazaliwa, na wala hakujua kwa nini iko hivo. Inafanya kazi kwa mwezi, kwa dishi la Mwanakwerekwe, na kwa sayari zote: Utaridi iliyo karibu na jua inazunguka kwa siku 88, Zohali iliyo mbali inachukua miaka 29 na nusu. (Wa mwezi mwandamo mtauliza, mbona sie tunahesabu 29 au 30? Kwa sababu ule mwezi ukimaliza duara lake siku 27, dunia nayo ishasogea kwenye njia yake ya kulizunguka jua, kwa hivo mwezi unahitaji siku mbili na kitu zaidi kulifikia jua tena.)

*Usiku baada ya Isha tuliona taa nyingi zimefuatana mstari mmoja zinapita kimya juu, watu wakasema ni ndege za vita. Ni nini? Na zinatia mafuta wapi?*
Msomaji, Micheweni

Si za vita. Ni setilaiti za intaneti za Starlink, zinarushwa kwa mafungu, fungu la mwanzo lilikuwa 60 mwezi wa Mei 2019. Siku za mwanzo zinafuatana hivo, baadaye zinatawanyika na kupanda mpaka kama kilometa 550. Mnaziona kwa sababu huko juu jua bado linazipiga wakati sie chini kushaingia kiza. Mafuta hazitii popote, kuzunguka hakuhitaji mafuta, zimebeba kidogo tu la kurekebisha njia, maana hata kilometa 550 juu kuna mabaki ya hewa nyembamba sana yanayozipunguza taratibu. Zikiachwa bila kurekebishwa zinashuka, na zikifika kwenye hewa nzito zinaungua. Sputnik, setilaiti ya mwanzo kabisa, ilirushwa tarehe 4 Oktoba 1957 na miezi mitatu tu baadaye ishaungua.

*Kwenye mtihani niliandika mwezi hauanguki kwa sababu nguvu ya kuvuta ndani na nguvu ya kusukuma nje zimelingana, nikapewa vema. Kaka yangu anasema si kweli. Tena akanikoroga zaidi, anasema jua linauvuta mwezi kuliko dunia inavouvuta! Sasa mbona jua halituibii mwezi?*
Mwanafunzi, Form Three, Chake Chake

Mwanangu, kaka yako ana haki mara mbili, mpe salamu zangu.

La kwanza. Kitu ambacho nguvu zake zote zimelingana hakipindi, kinakwenda mstari ulionyooka au kimesimama. Hiyo ni kanuni ya kwanza ya Newton, mumeisoma Form Two. Mwezi unapinda kila sekunde, basi lazima iko nguvu moja isiyolinganishwa na kitu, nayo ni mvutano. Mfano wa kombeo ndo unaowachanganya watu. Unazungusha jiwe, unalisikia linavuta mkono, unadhani jiwe linasukumwa nje. Hebu achia kamba uone. Jiwe haliruki kukimbia mbali na wewe kwa mstari wa nje, linakwenda pembeni moja kwa moja, kule lilikokuwa linaelekea wakati ule ule unaachia. Jiwe lilitaka kunyooka tu, kamba ndo iliyokuwa inalipinda. Ukitoa mvutano leo, mwezi hautorushwa nje, utanyooka na kwenda zake. Wako wanaoifanya hesabu kwa kujihesabu kama wanazunguka pamoja na mwezi, hao inawabidi waweke nguvu ya nje ili hesabu ikae sawa, lakini kwa mtu aliyesimama pembeni anatazama, nguvu ni moja. Ningeomba walimu wenzangu tuliache hili la kulingana, linamfundisha mtoto kitu ambacho mwaka wa pili lazima akibomoe.

La pili ndo tamu. Ni kweli, jua linauvuta mwezi kwa nguvu kama mara mbili ya dunia inavouvuta, jua liko mbali, kilometa milioni 150, lakini uzito wake ni mkubwa mno. Sasa mbona haliuchukui? Rudi kwa kijana wetu wa makachu. Waite wawili, wachupe pamoja wameshikana mikono. Ardhi inamvuta kila mmoja wao kwa nguvu kubwa kuliko wanavovutana kwa mikono yao, si ndiyo? Je, ardhi imewatenganisha? Hata kidogo, kwa sababu inawavuta wote wawili sawa, wanaanguka bega kwa bega, na kishiko chao kidogo kinatosha kuwaweka pamoja. Dunia na mwezi ni hao vijana wawili. Wote wanaanguka kuelekea jua, wote wanakwenda mbele kwa kasi ya karibu kilometa 30 kwa sekunde kwa hivo hawalifiki, na ndani ya kuanguka huko wanazungukana wenyewe. Kinachoweza kuwatenganisha ni ile tofauti tu ya mvuto wa jua baina ya mmoja na mwengine, na tofauti hiyo ni ndogo.

Swali kama hili umeliuliza ukiwa Form Three, usiache fizikia.

*Sie wa mwani tunaishi kwa bamvua, maji yakipwa sana ndo tunaingia shamba. Wanasema mwezi ndo unaovuta bahari. Sasa kama mwezi unavuta na dunia inavuta, iko siku watakutana?*
Mama wa mwani, Paje

Hapana mama, tena kinyume chake, mwezi unatukimbia taratibu. Na anayeukimbiza ni hiyohiyo bahari yako.

Maji ya upande unaoutazama mwezi yanavutwa zaidi kuliko dunia yenyewe ilivovutwa, na ya upande wa nyuma yanavutwa pungufu yakabaki nyuma, ndo maana bahari inatuna pande mbili na nyie mnapata kujaa mara mbili na kupwa mara mbili, kila siku yanachelewa kama dakika 50 kwa sababu mwezi nao umesogea. Jua linavuta bahari pia, kama nusu ya nguvu ya mwezi katika jambo hili. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, jua na mwezi vimekaa mstari mmoja wanasaidiana, bamvua, hapa kwetu tofauti ya kujaa na kupwa inafika kama mita 4. Ukiwa nusu wanavutana kwa kukatana, maji mafu.

Sasa dunia inajizungusha kwa siku moja na mwezi unachukua 27, kwa hivo dunia inaukokota ule mtuno wa maji ukawa mbele kidogo ya mwezi. Mtuno huo una uzito, nao unauvuta mwezi mbele. Kitu kinachozunguka ukikivuta mbele kinapanda, kinakwenda njia ya juu zaidi. Watu wa Apollo 11 waliacha vioo maalum juu ya mwezi mwaka 1969, wanasayansi wanapiga mwanga wa leza kutoka ardhini unarudi, wanapima muda, wakaona mwezi unasogea mbali kama sentimita 3.8 kila mwaka. Mtu akiishi miaka 70 mwezi umemkimbia mita mbili na nusu na kidogo, na uko umbali wa kilometa 384,400 kwa wastani. Shamba lako la mwani halitojua tofauti hiyo, wala la wajukuu wako.

*Marehemu baba alikuwa akituhadithia kuwa zamani Tunguu kulikuwa na Wamarekani na mitambo, wanazungumza na mtu aliye juu ya mawingu. Watoto wangu wanasema ni hadithi za wazee. Ni kweli?*
Mzee wa Unguja Ukuu

Shikamoo mzee. Ni kweli, na waite watoto wakae wasikilize.

Wamarekani walipokuwa wanatayarisha safari zao za mwanzo za kuzungusha watu, mpango ulioitwa Mercury, walikuwa na tatizo. Chombo kikiwa chini, kilometa mia mbili na kitu, redio ya pahala pamoja inakiona kwa dakika kama saba tu halafu kinazama nyuma ya mpindo wa ardhi, kama lile jahazi. Kwa hivo walihitaji mnyororo wa vituo duniani kote chini ya njia yake, kila kimoja kinakipokea chombo na kukikabidhi kwa chengine. Visiwa vya Kanari, kisha Kano kule Nigeria, kisha Zanzibar, kisha meli ndani ya Bahari ya Hindi, kisha Australia. Kituo cha kwetu kilikuwa upande huo wa Tunguu, wako waliokipinga wakati ule, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kikaondolewa.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alirushwa kutoka Florida. Moto wa roketi uliwaka dakika tano tu ukazimwa. Baada ya hapo hakuna injini iliyomsukuma, alikuwa anaanguka kama nazi ya yule mkwezi, kwa kasi ya karibu kilometa 8 kwa sekunde. Kule kwao ilikuwa asubuhi, saa nne kasorobo. Kwetu ilikuwa jioni. Nusu saa baadaye akawa ashafika usawa wa Zanzibar, saa kumi na mbili na robo hivi, watu wanakaribia kujitayarisha na Maghrib, na mafundi wa kituo cha Tunguu wakazungumza naye. Dakika chache, akaingia upande wa bahari na usiku ukampokea huko. Saa moja na nusu baadaye hivi, karibu na Isha, akapita tena.

Alizunguka mara tatu, chini ya saa tano. Na alipotaka kurudi nyumbani hakuongeza kitu, aliwasha viroketi vidogo vilivyotazama mbele vikampunguzia kasi kidogo tu. Ardhi ikawa haijipindi tena kwa haraka ya kutosha chini yake, na kuanguka kulekule alikokuwa nako saa zote hizo, safari hii kukafika majini.